Gego la Mwisho: Ling'olewe Lini?
Nilipokuwa na miaka 22, gego langu la mwisho la chini lilichomoza nusu tu, na ufizi uliolifunika ukawa unanasa chakula na kuvimba, hata kufungua kinywa kukawa taabu. Magego haya, ambayo wengi huyaita meno ya hekima, kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25, wakati taya mara nyingi halina tena nafasi. Langu liling'olewa kwa kuwa uvimbe ulirudi tena na tena. Lakini lisilo na ugonjwa, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2000 ulishauri liachwe, nami naafiki kabisa, kwani mshipa wa fahamu hupita karibu na mizizi yake, na ukijeruhiwa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi.