Makaratasi kwanza, tovuti baadaye

Mifumo mingi ya kujazia fomu ya kodi ya mwaka mtandaoni humtoa mtu nje akikaa kimya dakika kadhaa. Ukiinuka kutafuta cheti kabatini, unarudi unakuta umetolewa, pengine na ulichojaza kimefutika. Basi usiingie mpaka kila karatasi iwe mezani.

Mwajiriwa aanze na hati ya mwaka ya mwajiri, ile inayoonyesha mshahara ghafi, makato na kodi iliyokatwa. Slipu za mshahara haziwezi kuchukua nafasi yake. Kazi ya slipu ni kuihakiki hati hiyo. Jumlisha kodi ya slipu zote 12 uone kama inalingana na ya kwenye hati. Isipolingana, tazama kwanza bonasi na malimbikizo, maana hivyo ndivyo husahaulika au huingizwa mara mbili. Mrudie mhasibu wa mwajiri arekebishe. Usijisahihishie mwenyewe kwenye fomu, kwa sababu mamlaka ya mapato huwa imeshapelekewa takwimu za mwajiri, na mfumo utaona tofauti hata ikiwa ndogo.

Uliyehama kazi katikati ya mwaka unahitaji hati mbili. Waliolipwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja wajiandae: ikiwa kila mwajiri alikata kodi kana kwamba yuko peke yake, nafuu (punguzo la kodi analopewa kila mlipakodi) imehesabiwa mara mbili na kuna deni la kumalizia.

Panapoumiza wengi ni riba ya benki. Taarifa ya akaunti inaonyesha 8,500, nawe unaandika 8,500. Kumbe riba ilikuwa 10,000, benki ikakata kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa) ya asilimia 15, yaani 1,500, ndipo ikakuwekea kilichobaki. Mahali ambapo kodi hiyo si ya mwisho, yaani haimalizi deni la kodi kwa mapato hayo, unatakiwa kuandika 10,000 kama mapato na 1,500 kama kodi iliyokwisha kulipwa. Bila cheti cha zuio hiyo 1,500 huwezi kuidai. Gawio na malipo ya kazi za mkataba vikikatwa zuio, ni vilevile.

Angalia pia tarehe. Mwaka wa kodi si lazima uwe Januari hadi Desemba. Uingereza, kwa mfano, unaanza 6 Aprili. Taarifa ya benki ya mwaka wa kalenda hapo haikutoshi.

Pango la nyumba, michango ya pensheni, riba ya mkopo wa nyumba: kila moja na cheti chake, kama sheria ya kwenu inaitambua. Risiti za mashine hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo zipige picha siku unayozipokea, tarehe na jumla vionekane. Faili uzipe majina yanayoeleweka (“zuio-benki-Machi” linafaa kuliko “skani0047”), na uondoe nywila kwenye PDF za benki, kwani mifumo mingine huzikataa, tena bila kusema sababu.

Kagua pia namba ya simu iliyosajiliwa. Kama ni laini uliyoiacha zamani, msimbo wa kuingilia utakwenda huko, na kuibadilisha kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Ukimaliza, usifunge dirisha mpaka upate risiti ya kupokelewa yenye namba. “Imehifadhiwa” maana yake ni rasimu tu, na rasimu haizuii faini.