Kuufikiria uchumi usiotegemea ukuaji
Tangu nianze utafiti wangu wa uzamili kuhusu uchumi usiotegemea ukuaji, hesabu moja imeniganda kichwani: uchumi unaokua kwa asilimia 3 kila mwaka huongezeka maradufu katika takriban miaka 24, na kwa kawaida matumizi ya malighafi hupanda pamoja nao. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa nchini Marekani, alionya mwaka 1934 kwamba ni vigumu kupima ustawi wa watu kwa pato hilo, onyo ambalo, kwa maoni yangu, lilipuuzwa mapema mno. Kuhusu kupunguza saa za kazi, mojawapo ya mapendekezo ya uchumi wa aina hii, maandiko ya kitaaluma ni mengi. Swali ambalo msimamizi wangu hunirudishia kila rasimu ni nani atakayegharimia pensheni mapato ya kodi yakiacha kupanda.