Wakili wa Wete anapoingia Chukwani

Wakili wa Wete, Pemba, anayelenga Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililopo Chukwani, hapati kesi za makampuni. Meza yake imejaa talaka, dhamana, mirathi na, kupita vyote, mikarafuu. Pemba ardhi na mti ni vitu viwili: shamba laweza kuwa la huyu na mikarafuu ikawa ya yule, na juu yao wote Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaiweka ardhi mikononi mwa Serikali. Ongeza eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, hati ina jina la babu aliyefariki na wajukuu kumi na mbili wote wanataka kuchuma.

Kesi ya mikarafuu inasimama au kuanguka kwa mipaka. Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, huitwa, majirani wa pande nne huitwa, mti wa mwanzo na wa mwisho huonyeshwa. Aliyeandika kwenye madai "shamba la mikarafuu lililopo Kinyasini" na kuishia hapo, hata akishinda, dalali wa mahakama atafika shambani asijue asimame wapi.

Kugombea uwakilishi, Katiba ya Zanzibar inataka Mzanzibari aliyetimia miaka 21, ajue kusoma na kuandika, na asimamishwe na chama. Mgombea binafsi hakuna, kwa hiyo mlango mgumu uko ndani ya chama. Akishinda, ashughulikie mafaili yake kabla ya kiapo: kila mteja akubali kwa maandishi wakili gani ataipokea kesi yake, mahakama ijulishwe, pesa za kazi isiyofanyika zirudi. Wengi huliacha hili, halafu mteja anamfuata mheshimiwa jimboni kuuliza kesi yake imefikia wapi.

Barazani, anayedhani Spika ni hakimu wa kushawishiwa hupoteza muhula wa kwanza wote. Mswada ukisomwa mara ya kwanza hutajwa jina tu. Kazi iko kwenye kamati, kabla ya kusomwa mara ya pili, na baadaye kifungu kwa kifungu katika kamati ya Baraza zima. Hapo ndipo macho yaliyozoea mipaka ya mikarafuu yanapofaa. Chukua kifungu hiki cha kawaida: "Sheria hii itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri ataitangaza katika Gazeti Rasmi." Asipotangaza, sheria imesainiwa na haifanyi kazi. Au "Waziri anaweza kutunga kanuni": anaweza, basi si lazima, na bila kanuni hakuna fomu, ada wala wa kupokea maombi. Kubadilisha neno moja na kuweka ukomo wa miezi kuna faida kuliko hotuba ya robo saa. (Hotuba ndiyo inayorushwa redioni, hilo kweli.)

Hoja nayo ina nguvu ikiandikwa vizuri. Januari 2010 Abubakar Khamis Bakary, mwanasheria aliyekuwa akiongoza upinzani Barazani, aliwasilisha hoja iliyofungua njia ya kura ya maoni ya Julai 31 mwaka huo. Asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, naye baadaye akawa Waziri wa Katiba na Sheria. Hoja ya namna hiyo ilihitaji kukubalika pande zote mbili za ukumbi, na hilo linaanzia kwenye maandishi.

Kosa jengine ni kuahidi yasiyo ya Baraza. Polisi, uraia na mambo ya nje ni ya Muungano, na Chukwani haitungi sheria zake. Kilichopo ni kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar: sheria ya Muungano haitumiki hapa mpaka ihusu mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika lazima aiwasilishe Barazani. Mwakilishi anayejua kuuliza, "Hii iliwasilishwa lini?", huwa ameshafika nusu ya hoja.