Mpe fundi oili kabla hujampa injini

Wengi huanza kutafuta gereji siku gari limeshagoma. Limevutwa kwa kamba, mwenyewe ana haraka, na fundi wa kwanza kulifungua ndiye anayeamua kila kitu. Hapo huna tena nafasi ya kuchagua: ukikataa bei, injini iko wazi na bolti zake ziko kwenye ndoo. Gereji itafutwe gari likiwa zima, na ijaribiwe kwa kazi ndogo unayoweza kuikagua mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ni sevisi ya kawaida. Fundi anayelipua kazi ya nusu saa hawezi kuwa makini kwenye kazi ya siku tatu.

Kabla ya kupeleka gari, fungua kitabu chake uandike mambo matatu: uzito wa oili, kwa mfano 5W-30, daraja la ubora, kwa mfano API SP au ACEA C3, na idadi ya lita ukibadilisha pamoja na filta. Injini nyingi ndogo za silinda nne huchukua kati ya lita 3.5 na 4.5. Kisha muulize fundi gari lako linachukua oili gani na lita ngapi. Anayeomba kuona kitabu kwanza, au anayetafuta kwa namba ya injini, ameanza vizuri. Anayekuambia papo hapo kwamba gari likishazeeka liwekewe oili nzito, mtilie shaka. Injini zenye VVT hutumia presha ya oili hiyohiyo kubadilisha majira ya kufunguka kwa valvu, na oili hupita kwenye vijia vyembamba sana. Ikiwa nzito kuliko ilivyoagizwa huchelewa kufika, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi, na taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi ilhali hakuna kilichokufa.

Siku ya sevisi, simama uone. Injini iwe na joto kiasi ili oili itoke na uchafu wake. Gari likishainuliwa kwa jeki ni lazima likalie stendi kabla mtu hajaingia chini. Ukikuta gereji inamlaza kijana chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, chukua gari lako uondoke, hata kama bei ni nzuri namna gani. Watu wasiojali uhai wa mwenzao hawatajali breki zako.

Bolti ya sampu, beseni la oili lililo chini ya injini, ikifunguliwa, angalia washa yake, yaani kile kiringi cha kuzibia. Kwenye magari mengi ni ya shaba au alumini, na imetengenezwa ibonyee mara moja tu ili izibe. Ikirudishwa ileile, oili huanza kutoka tone moja moja; sevisi inayofuata fundi anakaza zaidi, inayofuata zaidi tena, mwisho nyuzi za sampu zinakatika. Sampu nyingi za siku hizi ni za alumini na hazivumilii. Washa ni kitu kidogo mno, lakini inakuonyesha mara moja kama fundi anafuata utaratibu au anafuata mazoea.

Filta nayo ina adabu yake. Ile ya zamani ikitoka, fundi aiangalie kama mpira wake umetoka nayo, kwa sababu wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira miwili inapandana, presha inaisukuma nje, na oili inaweza kumwagika yote barabarani baada ya dakika chache. Mpira mpya upakwe oili, filta ikazwe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha iongezwe kama robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa kwenye filta yenyewe. Spana ni ya kufungulia. Kwa filta hizi za kopo, fundi anayekazia kwa spana anamtengenezea taabu atakayefungua baadaye. Oili ikishajazwa, injini inawashwa hadi taa ya oili izime, inazimwa, inaachwa kama dakika 5, ndipo dipstiki inasomwa gari likiwa mahali tambarare. Iwe kati ya alama mbili. Kupitiliza alama ya juu si ukarimu: krankishafti, mhimili unaozunguka chini ya pistoni, inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Magurudumu yakiwa nje, mwombe akuonyeshe pedi za breki kwa macho yako. Mpya huwa na unene wa karibu milimita 10 hadi 12 bila kuhesabu bamba la chuma; zikifika milimita 3 ni za kubadilisha. Aangalie pedi ya ndani pia. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, maana yake pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, zimekauka grisi au pistoni imeganda, na pedi mpya zikiwekwa bila kutibu hilo zitaliwa vilevile. Diski huwa na unene wake wa chini umegongwa juu yake kiwandani, mara nyingi kwa herufi MIN TH, kwa hiyo neno "diski zimekwisha" linathibitishwa kwa mikromita. Kidole hakipimi.

Kuna kitu kimoja ambacho gereji nyingi husahau kabisa, nami nakipa uzito mkubwa: oili ya breki. Inavuta unyevu hewani, hata kopo likiwa limefungwa vibaya kwenye rafu. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, oili iliyochoka inachemka, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Viwanda vingi hutaka ibadilishwe kila miaka 2 au 3. Gereji inayokuuliza ilibadilishwa lini mara ya mwisho bila wewe kuitaja, iweke kwenye orodha yako.

Sasa tuje kwenye kutafuta ugonjwa, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mashine ya kupimia gari haisemi spea gani imekufa. Inasema kompyuta ya gari imeona nini. Chukua kodi P0171, yaani namba ya hitilafu ambayo mashine inaisoma. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Fundi mvivu anaisoma, anakuambia sensa ya oksijeni imekwisha, unanunua, wiki moja baadaye taa imewaka tena. Sensa ilikuwa inasema kweli! Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka baada ya sensa ya kupimia hewa, sensa hiyo yenyewe kushika uchafu, gasketi ya manifoldi kuvuja, au pampu ya petroli kuishiwa nguvu. Kila kimoja kina kipimo chake: moshi unaopulizwa kwenye njia ya hewa ili uone unapotokea, geji ya presha ya petroli, na namba ambazo mashine hiyohiyo inaonyesha injini ikiwa inanguruma.

Mfano mwepesi zaidi ni injini inayomisi. Kodi ikiwa P0302, silinda ya 2 haichomi vizuri. Kwenye injini yenye koili (inayoipa plagi umeme) moja kwa kila silinda, fundi anahamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 4, anafuta kodi na kuzungusha gari. Ikirudi P0304, koili ndiyo mbovu, ushahidi umekamilika. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Ziangaliwe plagi, nozeli na mgandamizo wa silinda. Ni kazi ya robo saa na haihitaji spea hata moja. Anayekuambia ununue koili nne kwanza halafu "tuone" anajifunzia kwenye mfuko wako.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi yeyote, kwa upole na bila kumdharau, ni hili: "Umejuaje?" Fundi mzuri hachukii swali hilo. Atakuonyesha namba, au atakushikisha kitu kinachocheza. Mwambie pia asifute kodi kabla ya kuziandika, kwa kuwa zikifutwa kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea inapotea nazo.

Umeme unapimwa vivyo hivyo. Betri ya kawaida ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.7, ingawa baadhi ya mapya hupunguza chaji kwa makusudi. Wakati stata inazungusha, betri isishuke chini ya 9.6 hivi. Namba hizi tatu zinachukua dakika mbili. Bila hizo, utanunua betri mpya ilhali alteneta ndiyo haichaji, au waya wa athi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, umeshika kutu.

Gari linalochemsha linastahili subira kuliko yote, kwa sababu safari kutoka "maji yanapungua" hadi "tushushe silinda hedi" (kifuniko cha juu cha injini) ni fupi sana kwenye gereji mbaya. Utaratibu ni kuanza na rahisi. Kiwango cha kulanti, maji ya kupozea, injini ikiwa ya baridi kabisa (kifuniko cha rejeta hakifunguliwi cha moto, kinaunguza uso). Kifuniko chenyewe kama kinashika presha. Feni kama inawaka kwa wakati wake. Mfumo kujazwa upepo kwa pampu ya mkono ili uvujaji uonekane. Themostati, valvu inayoachia maji ya kupozea injini ikipata joto, kuwekwa kwenye maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Rejeta kama imeziba. Mwishoni ndipo kinakuja kipimo cha gesi, kile cha maji ya bluu yanayogeuka njano yakikutana na hewa iliyochomwa kwenye silinda. Yakigeuka, gasketi ya hedi, au hedi yenyewe, ina hitilafu. Kabla ya hapo, kufungua hedi ni kubahatisha.

Na akitoa themostati na kuitupa ili "gari lipumue", hiyo si tiba. Injini inachelewa kufika kwenye joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, matumizi yanapanda, na chanzo cha kuchemsha bado kipo palepale.

Hedi ikishafunguliwa kwa haki, uliza maswali mawili tu. Je, imepimwa unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya? Na bolti je? Injini nyingi za kisasa zina bolti za hedi zinazovutika zikikazwa, na kiwanda hutaka ziwe mpya kila hedi inapofunguliwa. Gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda haidumu.

Bei iandikwe kabla ya kazi. Ufundi peke yake, spea peke yake, na kila spea ielezwe ni ya kiwanda cha gari, ya kampuni nyingine, au iliyotumika. Zote tatu zinaweza kuwa chaguo halali. Udanganyifu ni kulipia ya kwanza ukafungiwa ya tatu. Spea itafutwe kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari na mwaka pekee, kwa kuwa modeli moja inaweza kuwa na aina mbili za breki. Spea za zamani ziwekwe kwenye boksi uzione, na za kwako uondoke nazo ukitaka, isipokuwa zile ambazo muuzaji anachukua kuukuu ndipo akupunguzie mpya. Na pasifanyike nyongeza yoyote bila simu kwako.

Lakini si kila nyongeza ni wizi. Taiming belti, ile inayoendesha valvu, ikibadilishwa, ni busara kubadilisha tensheni inayoikaza, puli zake na pampu ya maji kama inazungushwa na belti hiyo, kwani kazi ya kuifikia ni ileile, na moja ikikwama baadaye belti mpya inakatika. Kwenye injini ambazo valvu na pistoni hukutana, kukatika huko kunapinda valvu. Ninachokikataa ni dawa ya kusafisha injini kila sevisi na usafishaji wa nozeli gari likiwa halina dalili yoyote. Muulize imeandikwa ukurasa gani wa kitabu.

Gia boksi otomatiki iache kwa wanaozijua. Gia boksi ya CVT, aina ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake, si ATF (oili ya gia boksi otomatiki) ya kawaida, na nyingi hupimwa ujazo oili ikiwa kwenye joto maalumu linalosomwa kwa mashine. Fundi anayekuambia "hiyo mimi sifanyi, mpelekee fulani" amejiongezea heshima, na kazi nyingine mpe.

Ukienda kuchukua gari, liendeshe pamoja naye kabla ya kulipa. Ila kabla ya kuliendesha, tazama namna nati za magurudumu zinavyomaliziwa: kwa kuruka upande mmoja kwenda mwingine, kwa spana inayopima nguvu, ambayo kwa magari mengi madogo ni karibu newtoni mita 100, kitabu kikuthibitishie. Bunduki ya upepo ikiachiwa imalize peke yake inavuta studi na inaweza kukaza diski upande, na pedali ikaanza kutetemeka baadaye. Rimu za alumini zikishafungwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Rudi siku hiyo, na gari likiwa pale inama uangalie chini ya sampu kama pamelowa.