Siku hizi tunahesabu kwa tiketi

Nyumbani kwetu siku hizi vitu havina tena bei ya shilingi, vina bei ya tiketi. Aliyeanza ni baba watoto. Nilikuwa namwonyesha kigari cha mtoto cha kusukuma nilichokiona kwenye stetasi ya dada mmoja anayeuza vitu vya watoto Kariakoo, laki na ishirini na kitu, kizuri kweli, kinakunjika, kina kijimwavuli juu. Akakiangalia vizuri tu, hakubisha wala nini, akasema hii ni Dodoma mimi na wewe kwenda na kurudi, na bwana mdogo bure. Basi. Tangu siku hiyo kila kitu nikikishika kichwa kinapiga hesabu chenyewe.

Na hesabu yenyewe ni ya kweli. Treni ya umeme, SGR, ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwezi wa sita 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma ikawekwa 31,000. Watu wawili kwenda na kurudi ni 124,000. Mtoto wa chini ya miaka minne halipi, akishafika minne anaanza kulipa nusu. Wa kwetu ana miwili na kamwezi kadhaa, kwa hiyo tuna muda wa kutembea naye bure kwa bibi yake na mimi nimeamua muda huu usipite hivi hivi.

Maana bibi yake yuko mbali jamani. Mama mkwe wangu anakaa kijijini Chamwino, ndani ndani huko, ukishuka Dodoma mjini bado unatafuta daladala halafu unamalizia na bodaboda. Zamani kwenda kwake ilikuwa mpaka Krismasi, unadamkia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, unakaa na mtoto mapajani siku nzima, analia, anatapika, anataka kushuka, basi linasimama pale linapotaka lenyewe, mkifika wote hoi na kesho kutwa mnafikiria kurudi. Ukifanya hivyo mara moja kwa mwaka unajiona umejitahidi. Sasa hivi tunapanda asubuhi na mchana tuko Dodoma, mtoto hajachoka, mimi sijachoka, jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda kwa mama.

Nikieleza kwa nini hili limenikaa moyoni inabidi nirudi nyuma kidogo. Nilipojifungua ni yeye alikuja kunilea. Si mama yangu, mama yangu alikuwa na mgonjwa nyumbani, ni mama mkwe ndiye alifunga mzigo wake akaja Dar akakaa na mimi kwenye vyumba viwili vyetu vya Tabata na joto lile, akanipikia uji, akanikanda, akawa anaamka usiku kumbeba mtoto ili mimi nipate hata saa moja ya usingizi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na zile siku alikaa karibu zote, mvua zilipokaribia akasema mwanangu mimi narudi, shamba halinisubiri. Akaondoka. Mtoto akabaki anakua, na bibi anamwona kwenye simu, video yenyewe inakata kata kwa sababu ya mtandao wa kule. Akawa anamficha uso. Yule aliyemwogesha maji ya kwanza akawa anafichwa uso! Mama alikuwa anacheka tu kwenye simu anasema mwacheni atanizoea, lakini mimi najua kile kicheko.

Kwa hiyo hii habari ya kupunguza manunuzi kwetu haikuanzia kwenye ubahili wala kwenye madeni, ilianzia hapo. Hela ya kusafiri ilikuwepo, ila ilikuwa inapita njia nyingine.

Na njia yenyewe nyie mnaijua. Kama una mtoto mdogo na una simu basi uko sokoni saa ishirini na nne. Magrupu ya WhatsApp ya kina mama, mzigo mpya umeingia, umebaki mmoja tu mpenzi, saizi ya miaka miwili imebaki pea mbili, bei ya jioni hii tu, lipa kwa namba hii boda anakuletea mpaka mlangoni. Usiku mtoto amelala, umechoka, umetoka kazini umekaa kwenye foleni, mchana kutwa hujamwona mwanao, unaona kitu kizuri unasema ngoja nimfurahishe. Naielewa sana hiyo hali na sitaki mtu yeyote amcheke mama anayenunua usiku. Ni mapenzi yale. Ila nimekuja kuona kwamba mtoto wa miaka miwili hana habari na mzigo, ana habari na mtu. Viatu vile vya kulia chwi chwi kila hatua, vya taa taa, tulimpa akavaa wiki kama mbili hivi halafu mguu ukakua. Umri huu mguu unakua haraka mno, unanunua kiatu leo, miezi michache mbele vidole vimeshajikunja ndani.

Tulichofanya ni kitu cha kawaida kabisa. Kuna daftari, lile la mia tano la shule, liko juu ya friji. Ukitaka kitu ambacho si chakula, si dawa, si nauli ya kazini, unakiandika pale na bei yake na pembeni unaandika ni tiketi ngapi. Hununui mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi tunakaa tunasoma, na ajabu ni kwamba vingi mtu unasoma hukumbuki hata ulikitakia nini. Vinavyobaki tunaangalia kama kuna mtu anacho. Dada yangu ana mtoto aliyemzidi wa kwetu mwaka mmoja, nguo zake zinatufuata zenyewe kwenye mfuko, nyingine hazina hata doa. Kikikosekana kwa dada tunaenda kuchagua mtumba, na huko nako naenda na orodha, naenda asubuhi wanapofungua robota, natafuta suruali mbili natoka na suruali mbili.

Kitu kilichotupa unafuu mkubwa kuliko vyote ni pampasi, na hilo ni kazi ya bibi wala si yangu, nitalieleza.

Ila kuna vitu hatugusi. Mayai, matunda, dagaa, maziwa ya mtoto havijadiliwi. Mshahara wa dada wa nyumbani pia haujadiliwi, na hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu nimeona watu wakisema wanabana matumizi halafu wa kwanza kubanwa ni yule binti anayelea mtoto wao. Hapana. Kama kuna mtu anayeniwezesha mimi kwenda kazini na moyo umetulia ni yeye. Tunapunguza midoli, hatupunguzi mtu. Na sisi tukisafiri, yeye naye anaenda likizo kwao na nauli yake tunatoa, kwa hiyo hata yeye yumo kwenye zile hesabu za daftari.

Safari ya juzi tulibeba begi moja la mgongoni na kiroba cha vitu vya mama: sukari, sabuni za mche, mchele, majani ya chai, dawa yake ya miguu na kanga pea moja. Hayo ndiyo manunuzi ninayoyafurahia siku hizi, unanunua kitu unajua kabisa nani anakisubiri. Kigari hatuna na hatukukihitaji, mtoto alikuwa mgongoni kwa kanga mpaka tunapita pale kwenye ukaguzi wa mizigo, walivyoweka begi kwenye mashine akapiga kelele akijua linaliwa, ikabidi nimpeleke upande wa pili alione likitoka.

Ndani ya treni nilikuwa nimejiandaa kumpa simu. Sikuitoa. Kuna mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa 2019 unaosema mtoto wa miaka miwili akiangalia skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi, nilikuwa nausoma nasema sawa lakini safarini je? Basi dirisha likafanya kazi yote. Aliweka paji la uso kwenye kioo akaliacha hapo, pumzi yake ikawa inafanya ukungu, anaufuta na kiganja, anaangalia, unarudi, anaufuta tena. Pugu, Ruvu, Ngerengere, mashamba, ng'ombe, milima ya Uluguru ikasogea, watu wakashuka Morogoro. Baada ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, ghafla giza, akanikamata shingo kwa mikono yote miwili na hakulia, tukatoka kwenye mwanga akacheka mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka akaanza kucheka naye. Handaki lililofuata akawa anasubiri. "Tena," anasema, "mama tena." Kuna mdoli wa laki moja unaoweza kufanya hivyo? Mimi sijauona.

Baada ya hapo nchi inabadilika, Gulwe kule ni ukavu, udongo mwekundu, mibuyu imesimama peke yake, na baba watoto anakuwa mtu mwingine, anaanza kuonyesha mtoto vitu, ule mlima, lile korongo, huku ndiko kwetu. Sikujua kama ana maneno mengi hivyo. Dar anarudi saa mbili usiku, anakula, analala.

Tulipofika mama alikuwa amekaa nje kwenye mkeka anapembua karanga. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu lakini macho yako kwa mjukuu, mikono ameshainyoosha. Mara ya mwanzo tulipokuja na treni alimlilia, alijificha nyuma ya gauni langu mpaka jioni. Safari hii alisimama akamwangalia, akaangalia karanga, akaenda akakaa pembeni ya ungo akaanza kuokota moja moja na kuziweka kwenye kiganja cha bibi. Hakuna aliyesema kitu. Mama akawa anazipokea moja moja tu, moja moja, kama vile ndivyo walivyoachana jana.

Pampasi ilitoka siku ya pili. Joto la mchana la Dodoma na upepo ule, mama akasema hiki kitu mnamfungia mtoto cha nini, mvueni, uwanja mkubwa huu. Akawa anamchukua kila baada ya muda, akiamka, akimaliza kula, anamchuchumalisha nyuma ya jiko la nje, anamwimbia. Akijikojolea hakuna anayegomba, mchanga unanywa, anabadilishwa kaptula basi. Mpaka tunaondoka anakuja mwenyewe kukushika mkono anasema kojo. Nilikuwa nimeandika poti ya plastiki kwenye daftari, ile ya bata, nikaifuta, nimerudi natumia kipoti cha kawaida cha dukani kwa Mangi. Usiku bado tunamvalisha moja, lakini ukiwa mzazi unajua tofauti ya pampasi moja na tano kwa siku.

Na michezo sasa. Kuna mtoto wa shemeji yangu, wa darasa la tatu, alimtengenezea gari la mabua ya mtama. Nilikaa nikamwangalia mwanzo mwisho. Anamenya bua kwa meno, ganda linatoka utepe mrefu, ule moyo wake mweupe mlaini anaukata vipande, halafu lile ganda anachonga vijiti vyembamba vya kuunganishia, anachoma kipande na kipande, bodi inasimama. Matairi alikata kwenye ndala iliyokwisha, alizungushia kizibo cha soda juu yake ili yawe duara sawasawa. Mwanangu alikuwa amechuchumaa hapo hapo muda wote, mdomo wazi, kila kipande kikiingia anasema "ndio!" Gari limevutwa kwa kamba kijiji kizima, likivunjika linarudishwa kwa fundi, fundi anachoma kijiti, linaendelea.

Sisemi kwamba ni rahisi. Mjini kuna macho. Mwaka jana siku yake ya kuzaliwa tulipika pilau tukala na majirani wa hapo ndani, hakuna keki ya ghorofa, hakuna mapambo ya maputo, na nilijua watu watasema na walisema. Hata mama yangu mzazi aliniuliza, "Mwanangu, kwema lakini? Mbona mjukuu wangu kavaa suruali ya kaka yake?" Nikamwambia mama kwema kabisa, tunakusanya nauli. Akanyamaza. Wiki ile ile akanitumia elfu ishirini, ameandika ya tiketi ya bwana mdogo, nikamwambia mama huyu hajaanza kulipa, akasema basi weka utamwongezea atakapoanza.

Baba watoto ameshaangalia ratiba, anataka twende wakati wa zabibu, mtoto akazichume mwenyewe kwenye shamba la jirani yao. Ijumaa hii tunakata tiketi mapema, na kwenye daftari mwezi huu kuna mstari mmoja tu wa maana: ndala za mama, namba 39, zile ngumu za kuendea shambani.