Nilivyochagua spika za sinema ya nyumbani kwa sebule ya Tanga

Sebule niliyoishughulikia iko Chumbageni, Tanga. Urefu wake mita 4.5, upana mita 3.2, kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu chini ya mabati. Kabla ya kukanyaga duka lolote nilichukua futi kamba na daftari, kwa sababu chumba ndicho kinachoamua ukubwa wa sabufa (spika ya besi), mahali pa kochi na kiasi cha wati. Anayelipa kwanza akapima baadaye hujikuta na mlio usiotosha chumbani mwake.

Kipimo cha mwanzo hakitaki kifaa. Nilisimama katikati ya sebule tupu nikapiga kofi moja. Mlio ukarudi ukitetema, trrr, kama waya uliokazwa. Huo ni mwangwi unaorukaruka kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana, na ndio unaomeza maneno ya waigizaji. Hata spika ghali haiuondoi. Dawa yake ilikuwa pazia zito linalofika sakafuni, zulia nene mbele ya kochi, na godoro la sufi nililolivisha kanga nikalisimamisha ukutani nyuma ya kochi. Sufi inanyonya sauti vizuri, mradi iwe nene. Godoro lile lina sentimita 10. Mkeka wa ukindu au zulia la mkonge, vitu ambavyo Tanga havikosekani, ni vyembamba mno kwa kazi hii, hupunguza sauti za juu kidogo tu. Nilipopiga kofi tena, trrr ilikuwa imekatika. Hapo ndipo nikaanza kuwaza spika.

Madukani kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni wati, na ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Niliona seti moja imeandikwa kwenye boksi PMPO 5000 W. Nikaomba igeuzwe nisome kibandiko cha nyuma, pale panapoonyesha umeme inaokula: wati 75. Mashine inayokula wati 75 haiwezi kutoa 5000 mfululizo. PMPO ni namba ya mdundo wa nukta ya sekunde, na kila kiwanda huipima kinavyotaka. Namba ya kufuatwa ni ile yenye RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, nayo ukiilinganisha na umeme unaoliwa lazima iwe ndogo.

Muhimu kuliko wati ni wepesi wa spika: inatoa desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake. Huandikwa nyuma ya spika nzuri kama 87 dB au 90 dB. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kochi liko mita 3 kutoka mstari wa spika. Kwa umbali huo spika ya 87 hupoteza karibu desibeli 9.5, zinabaki 77.5. Nilitaka vishindo vya filamu vifike 95, yaani ziongezeke 17.5, na kila desibeli 3 zinadai wati mara mbili. Jumla ni kama wati 56. Spika ya 90 ingedai 28 tu, na ya 84 ingedai 112. Hii ni hesabu ya mahali pa wazi. Chumbani kuta hurudisha sauti, kwa hiyo mahitaji halisi huwa chini ya hapo. Risiva, mashine inayopokea sauti ya TV na kuzisukuma spika, ya wati 60 za kweli kwa kila spika ilinitosha kabisa.

Upande wa ohm, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, nilichukua spika za 8. Risiva nyingi za nyumbani zinapenda 6 hadi 8. Ukizipa za 4 zinachemka, na kwa joto letu la kaskazi zitajizima katikati ya filamu.

Fedha nyingi niliziweka kwenye spika tatu za mbele, na kati ya hizo tatu ile ya katikati ndiyo roho ya sinema, kwa kuwa karibu mazungumzo yote hupita humo. Mtu akikaa peke yake katikati ya kochi, spika mbili zinamtosha. Ubongo wake utaiweka sauti katikati ya skrini. Lakini sebule zetu hujaa watu, huyu kochini, yule mkekani pembeni, na wa pembeni husikia maneno yakitoka kwenye spika iliyo karibu naye. Nyumba ya watu wengi inataka spika ya katikati.

Hapa wengi hukosea kwa kununua ile ya kulala chini ya TV, yenye wufa mbili (spika za sauti nzito) na twita (spika ndogo ya sauti kali) katikati. Wufa mbili zilizopangwa kwa ulalo hutuma sauti ile ile kutoka sehemu mbili, na kwa aliyekaa pembeni sauti hizo hufika kwa nyakati tofauti kidogo, zikafutana. Yeye husikia maneno membamba. Bora spika ya tatu inayofanana kabisa na zile za kushoto na kulia, isimame wima. Shida ni kwamba zinauzwa mbili mbili. Nikanunua jozi mbili za mtumba za aina moja, wufa inchi 5 na twita inchi 1: tatu zikaenda mbele, ya nne nimeihifadhi kwa vipuri. Kwa sauti za mzunguko, zile zinazotoka pembeni na nyuma ya watazamaji, spika ndogo mbili za inchi 4 zinatosha, na hizo si lazima zilingane na za mbele.

Kukagua mtumba kuna utaratibu wake. Kwanza ukingo unaoshika koni, ile sehemu inayotetema usoni mwa spika. Wa sponji hapa pwani huoza kwa unyevu hata kama spika haijatumika. Ukiugusa unabaki vumbi kidoleni. Nilikubali wa mpira tu. Pili nilisukuma koni polepole kwa vidole vinne, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua. Tatu multimita, kifaa cha kupimia umeme: spika ya ohm 8 husoma kama 6, ya ohm 4 husoma 3 na kitu. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Nne nilikunja karatasi ikawa bomba, nikaweka ncha moja kwenye twita na nyingine sikioni, kuhakikisha twita inalia. Zipo spika zenye matundu matatu usoni ambapo linalofanya kazi ni moja. Mwisho niligonga boksi kwa kifundo cha kidole. Linalolia kama debe litaongeza mlio wake juu ya kila neno, na lililovimba chini limekwisha nywa maji.

Kisha kusikiliza. Muuzaji aliweka muziki wa besi nzito akaniambia, “Kaka, hii inatikisa mtaa.” Nikamjibu, “Ndugu yangu, niwekee taarifa ya habari.” Sauti ya msomaji inafichua kila kitu. Ya mwanamume isisikike kama inatoka ndani ya pipa, na maneno kama sasa, shamba na thelathini yatofautiane bila kuchoma sikio. Baada ya hapo nikaomba taarab yenye fidla na kanuni, nikasikiliza kama nyuzi za kanuni zinatengana moja moja au zinakuwa uji.

Kwenye risiva ya mtumba soma volti kabla ya kuuliza bei. Zilizotoka Japani nyingi ni za volti 100, za Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, transfoma inaungua papo hapo. Yangu ni ya 230 kutoka Ulaya. Anayepata ya 100 aongeze bei ya transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi umeme unaoliwa na risiva.

Sabufa nilichagua ya inchi 10 yenye ampu (kikuza sauti) yake ndani. Kwa chumba hiki, besi hujazana kwenye masafa ya karibu Hz 39 (mitetemo 39 kwa sekunde) kwa urefu na Hz 54 kwa upana. Yanapatikana kwa kugawa mwendo wa sauti, mita 348 kwa sekunde katika joto letu, kwa vipimo vya chumba mara mbili. Ndiyo maana sabufa moja huvuma kona hii na kupotea kona ile. Mahali pake nilipapata kwa kuigeuza kazi: niliiweka juu ya kochi, nikacheza wimbo wenye gitaa la besi, nikazunguka kuta nimeinama hadi usawa wa goti. Konani ilivuma mno. Sentimita 90 kutoka kona ya kushoto kila noti ilisikika kwa uzito mmoja, nikaihamishia hapo. Chini yake nimeweka vipande vinne vya mpira wa tairi ili isitikise marumaru. Kwa nyumba za Kiswahili zenye vyumba vinavyotazamana ukumbini ningeshauri inchi 8, kwani besi haizuiliwi na ukuta wa jirani.

Spika za mbele zina mita 2.4 kati yao, sentimita 50 kutoka ukutani, twita usawa wa masikio ya aliyekaa. Pembe inakuwa nyuzi 22 kila upande, ukomo wa chini wa kinachokubalika, maana chumba ni chembamba. Stendi nilichomelewa kwa bomba la mraba nikazijaza mchanga wa mtoni uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa baharini una chumvi, utalila bomba kwa ndani.

Waya ni shaba ya milimita za mraba 1.5. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, uache. Waya mwembamba wa 0.5 kwa mita 10 unaongeza ohm 0.7 hivi, na huo ni upotevu kwa spika ya ohm 8. Ncha za waya hapa Tanga hupata kutu ya kijani, hivyo kila mwaka nakata sentimita moja na kumenya upya. Tundu la hewa la kila spika nimelifunika kipande cha chandarua, mijusi na sisimizi wasiingie. Juu ya risiva hapawekwi kitambaa cha kufuma. Iachiwe sentimita 10 ipumue.

Katika mpangilio wa risiva spika zote nimezichagulia “ndogo”, ili besi ya chini ya Hz 80 iende kwenye sabufa. Zile za inchi 4 nimezikatia Hz 120. Umbali hadi kochini nimeupima kwa futi kamba: mita 3.0 katikati, 3.2 kushoto na kulia. Kutoka kwenye TV natumia waya, kwa kuwa Bluetooth huchelewesha sauti ikaachana na midomo. Masika yakipiga mabati naongeza spika ya katikati desibeli 3, sabufa siigusi.