Mpaka Alhamisi

Juzi binti yangu alikuwa anachokora santuri zangu pale chini ya TV, akatoa moja akaanza kunisomea stika yake, ile ya kuonya ati albamu hii ina muziki wa country na western na inaweza kuwaudhi wasikilizaji wenye akili finyu. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya babu. "Kwani babu alikuwa na akili finyu?" Nikacheka, nikamwambia airudishe. Hakurudisha.

Mzee alikuja huku Leicester, Uingereza, Januari ile, mara moja tu, na mnamjua na baridi, alikaa kwa nyumba na koti na kofia kama mtu anangoja matatu. Mimi niko shifti ya usiku, nikirudi asubuhi namkuta palepale, rimoti mkononi, TV imezimwa. Stori hakuna. Basi nikaenda duka la mitumba nikapata gramafoni ya pauni 15 na hii Almost Blue ya pauni 2, nayo niliichukua kwa sababu ya stika tu, kugeuza nyuma nikaona nyimbo za wakongwe wa country, Hank Williams, Merle Haggard, George Jones. Watu wa Mzee kabisa! Nyinyi mliokulia Molo mnajua Jumapili bila hao haikuwa Jumapili.

Akaishika kwa vidole viwili. "Elvis gani huyu?" Nikamweleza huyu ni Costello, Mwingereza wa London, mwaka 1981 alichukua bendi yake the Attractions wakaenda mpaka Nashville kule Marekani kurekodi na Billy Sherrill, prodyuza yuleyule wa George Jones. Mzee akasema Mwingereza akiimba George Jones basi na yeye ataimba taarab.

Wimbo wa kwanza ni wa Hank Williams, wameukimbiza kama wanafukuzwa na polisi. Mzee akaangalia dirishani. Upande mzima ukaisha anaangalia dirisha, theluji yenyewe hata haikuwepo.

Nikageuza. Upande wa pili unaanza na Good Year for the Roses, ule wa mwanamume anayeachwa na mkewe, anaangalia rangi ya midomo kwa vipande vya sigara, kikombe cha kahawa nusu, kitanda hakijatandikwa, majani nje hayajakatwa, na kitu pekee kinachostawi ni mawaridi. Mzee akavua kofia. Akaiweka gotini, akawa anazungusha ukingo wake kwa kidole gumba polepole, polepole. Ulipoisha akainuka, nikajua anazima, kumbe anarudisha sindano mwanzo, na mkono ule ulikuwa ushaanza kutetemeka, akakosea, sindano ikaburuta krrr katikati ya wimbo. Akajaribu tena, akapata. Tukausikiliza wote wawili, yeye bado amesimama.

Kuna mahali mtoto analia chumbani na hakuna anayemsikia. Hapo Mzee akasema, bila kuniangalia, "Wewe ulilia mpaka Alhamisi."

Basi. Miaka yote hiyo, habari ya mama kuondoka, hilo ndilo alilowahi kuniambia. Sikumuuliza kuanzia siku gani. Ningeuliza? Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nilikuwa nimechelewa kulala na nikasema tu, eeh, na yeye akakaa, akavaa kofia yake, akasema George Jones aliuimba vizuri zaidi. Ambayo ni kweli, kusema ukweli, ingawa huyu Costello naye alikuwa anaumwa na kitu.

Sasa binti alitaka kuusikia, nikamwekea. Mzee aliacha mkwaruzo siku ile na sindano ikifika hapo kwa mtoto inaruka, unasikia tu gitaa lile la kulazwa likilia halafu mawaridi tena. Akaniuliza mbona imeruka. Nikamwambia ni ya zamani.